Mlinzi wa Mtambo Jazia

Mlinzi wa mtambo ambao haupo alifika ofisini Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, kuomba koti la mvua. Dada wa mapokezi alimsogezea kitabu cha wageni, naye akajaza bila haraka: anakotoka, anayemtaka, saa ya kuingia. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mtungi wa maji, kofia juu ya magoti, viatu vina tope bichi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye adabu ya watu waliozoea kungojeshwa.

"Bi Mizani, una mgeni," dada wa mapokezi alisema kwenye simu. "Anatoka Mtambo Jazia, Kanda ya Chini."

"Mpe maji ya kunywa. Namalizia yai langu, nashuka."

Bi Mizani halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake wa ghorofa ya tatu, kwa sababu hakuwahi kurudi nyumbani hesabu ikiwa haijalala sawa. Kazi yake ilikuwa kuigiza umeme wa nchi nzima ndani ya kompyuta. Nchi aliigawa kanda, kila kanda akaipa mitambo yake na watu wake, kisha akaziunganisha kwa mistari, na kila mstari akauandikia kiwango cha juu cha umeme unaoweza kupita kwa wakati mmoja. Programu ilicheza mwaka mzima, saa kwa saa, ndani ya dakika arobaini, halafu ikaonyesha ni wapi umeme umesongamana kama watu kwenye mlango mwembamba. Na mchezo huo haukubaki mezani. Chumba cha kuongozea umeme kilichukua namba zilezile na kuruhusu umeme kwa kadiri hiyohiyo, na kila baada ya miaka kumi wakubwa walitia saini mpango uliopikwa kutoka kwenye jedwali lake.

Kanda ya Juu ilikuwa na bwawa kubwa na mvua ya uhakika. Kanda ya Chini ilikuwa na watu. Kati yao ilipita laini moja, Kiungo Namba Nne, na kiwango chake kilikuwa megawati 174. Jioni watu wa Chini walihitaji 310. Zilipita 174, basi. Zilizobaki zilikwama huko Juu, na wenye bwawa wakafungua milango na kumwaga maji mtoni bila kuyapitisha kwenye mashine, kwa kuwa umeme wake haukuwa na njia. Kila mwaka, kwa miaka tisa, Bi Mizani aliandika ombi la laini ya pili. Kila mwaka alijibiwa kwamba ni ghali.

Sasa, programu za namna hii zina tabia ya mtoto aliyedekezwa: kanda moja ikipungukiwa hata chembe, zinasusa na kukataa kutoa jibu lolote. Ndiyo maana wenye kazi hiyo huweka katika kila kanda mtambo mmoja wa kubuni. Hauna mashine, hauna mafuta, hauna moshi. Kazi yake ni kujazia pengo ili hesabu ilale, na ndiyo maana wakauita Mtambo Jazia. Mwanzoni kila ripoti ilikuwa na maandishi madogo chini ya ukurasa: umeme wa Mtambo Jazia usomwe kama giza. Miaka saba iliyopita maandishi hayo yalifutwa kwa sababu yalikuwa yanalisukuma jedwali kwenda ukurasa wa pili. Amri ilitoka kwa Mkurugenzi. Aliyeyafuta alikuwa Bi Mizani mwenyewe.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtambo ulitajwa, ukatajwa, ukapangwa kwenye orodha pamoja na mitambo yenye heshima zake, hadi ukaja.

"Naomba koti la mvua," mlinzi alisema walipokaa kwenye chumba kidogo cha wageni. "Na mwenzangu mmoja. Zamani mtambo ulikuwa unafanya kazi saa mbili kwa siku. Sasa hivi unafanya saa kumi kwa siku. Peke yangu siwezi, mama."

"Uko wapi huo mtambo?"

"Pale mlimani, nyuma ya hospitali. Kuna uzio, geti, kibao na chumba cha mlinzi."

"Na mashine?"

"Mashine sijaziona." Aliigeuza kofia upande wa pili. "Lakini tangu nianze kazi haujaharibika hata siku moja."

"Ulianza lini?"

"Mwaka ule yalipofutwa yale maandishi madogo."

Bi Mizani aliandika kwenye daftari: koti moja, mlinzi mmoja. Aliuliza kama kuna jambo jingine. Mlinzi alisema lipo, ila si la malalamiko. Kila jioni watu walifika getini na vikaratasi, wakiomba umeme, kwa kuwa walisikia upo. Yeye alikuwa na muhuri ulioandikwa UMETOLEWA, basi aligonga, wakaenda. Alitaka tu kujua kama wino wa muhuri ataendelea kujinunulia mwenyewe.

Habari za Chini Bi Mizani hakuzipata kwa mlinzi tu. Mdogo wake alikuwa mkunga katika hospitali ileile, na alimpigia simu kila Jumanne baada ya zamu. Zamani umeme wa wodi ya wazazi ulikuwa ukikatika jioni. Kila mtu alijua umekatika, akalalamika, akapata majibu. Tangu miaka saba iliyopita haukukatika tena. Saa kumi na mbili jioni balbu ziliendelea kuwaka. Zilikuwa na joto, zilivuma, mita ilizunguka. Ila hazikuangaza. Wadudu hawakuzifuata. Wauguzi walibana simu kwa meno na kushona kwa mwanga wa kioo, na walipoandika barua kuomba umeme, walijibiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha wodi inapata umeme saa ishirini na nne.

"Dada," mdogo wake alisema Jumanne hiyo, na sauti yake ilikuwa kavu. "Juzi nimempoteza mama mmoja. Alikuwa anavuja. Gizani damu na maji vyote ni vyeusi, huwezi kuijua. Nimeijua kwa miguu, ilipoingia kwenye viatu."

Bi Mizani aliiweka kalamu mezani.

"Wanasema aliye juu mngoje chini. Sisi tumemngoja. Mpango wenu unasainiwa lini?"

"Ijumaa."

"Na ukisainiwa hivyo ulivyo?"

"Miaka kumi mingine."

"Sawa," mkunga alisema. "Basi nitanunua viatu vingine."

Alikata simu. Bi Mizani alibaki ameikodolea macho ile 174 kwenye kioo cha kompyuta. Hasira ilimjaa, lakini hakujua aielekeze wapi, maana hakuna mtu anayeikasirikia namba. Laini ni nyembamba, alijiambia, kama alivyojiambia miaka tisa. Laini nyembamba ni laini nyembamba.

Mchana huohuo fundi cherehani alipanda ghorofa ya tatu na futi ya kamba shingoni. Kila baada ya miaka miwili wafanyakazi wote walipimwa makoti ya kazi, na Bi Mizani ndiye aliyesimamia orodha ya ghorofa yake. Fundi alikuwa mzee mchangamfu mwenye daftari moja kuukuu ambalo hakutaka kulibadilisha, ameandika humo vipimo vya kila mtu tangu siku ya kwanza. Alitoka ofisi ya Mkurugenzi akicheka.

"Mkubwa wenu anapungua," alisema. "Mwaka aliokuja, kijana mbichi, nilimwandika 174. Leo 172. Uzee hauna rushwa."

Bi Mizani alimwomba aone daftari. Ilikuwa pale, kwa kalamu ya risasi: urefu 174, uzito 81, kiatu 42.

Hapa lazima jambo moja lielezwe. Wanaoigiza umeme wana mazoea ya kazi. Namba ikikosekana, hawasimami; wanachomeka namba yoyote wanayoijua kwa macho, ili baadaye wakiiona wakumbuke kurudi kuirekebisha. Bi Mizani alitumia 777. Mwenzake wa meza ya pili alitumia namba ya nyumba ya mama mkwe wake. Na miaka kumi na miwili iliyopita, aliyekaa kwenye kiti cha Bi Mizani akalijenga jedwali lile la kwanza alikuwa Mkurugenzi, enzi hizo hana hata kiti cha kuzunguka.

Alifungua faili la zamani. Transfoma moja ya kaskazini ilianza maisha yake na megawati 42, ikarekebishwa baada ya wiki. Mtambo mmoja wa mafuta ulianza na 81, ukarekebishwa. Kiungo Namba Nne kilianza na 174. Hicho hakuna aliyerudi kukirekebisha. 777 inajitangaza yenyewe kwamba ni ya uongo, lakini 174 ina sura ya heshima, inafanana na kitu kilichopimwa. Na kwa kweli kilipimwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Mizani alisaini orodha ya makoti, akamrudishia fundi daftari lake, akampigia simu fundi wa laini, mtu ambaye alikuwa na miaka ishirini juu ya nguzo.

"Kiungo Namba Nne kinabeba ngapi?"

"Kile?" Upepo ulisikika kwenye simu. "Mia nne na ishirini. Nina kitabu chake kwenye sanduku la vifaa. Kwani vipi?"

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi nilidhani wote mnajua. Waya ukibeba mzigo unapata joto, unalegea. Ule tangu tuuvute uko vilevile, umekaza. Nikadhani watu wa Chini hawapendi umeme."

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Mkurugenzi na faili mkononi. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, kama ambavyo watu wengi wanaofanya mabaya si watu wabaya. Alimkaribisha kiti. Alilitazama faili, akaitazama 174, akajitambua hapo, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya shule.

"Nilikusudia kurudi," alisema. "Siku ile kitabu cha laini hakikuonekana. Halafu nikapandishwa cheo."

"Tukiandika 420 leo, giza la Chini linaisha leo. Hatuhitaji hata laini ya pili."

"Na jana?"

"Jana nini?"

"Ukibadilisha leo, mtu atauliza jana ilikuwaje. Na juzi. Miaka kumi na miwili, Bi Mizani. Viwanda viwili vimefungwa kule. Nani atasimama mbele za watu aseme ilikuwa kimo chake?"

"Wewe."

Mkurugenzi alikohoa. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa na urefu wa sentimita 172, na Bi Mizani kwa mara ya kwanza aliuona urefu huo ulivyo mdogo.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Isitoshe, kwa mujibu wa ripoti Chini hawana giza. Wana Mtambo Jazia."

"Mtambo Jazia haupo."

"Una mlinzi. Nimeona ombi lako la koti la mvua hapa, nimeshaliidhinisha."

Alhamisi Bi Mizani hakunywa chai. Alikuwa na ruhusa ya kubadilisha namba yoyote kwenye jedwali, ruhusa aliyopewa kwa sababu hakuna aliyedhani ataitumia. Saa tisa alasiri aliifuta 174, akaandika 420, akabonyeza. Dakika arobaini alikaa mikono mapajani. Programu ilipomaliza, hesabu ilikuwa imelala sawa kila saa ya mwaka, na kwenye safu ya Mtambo Jazia wa Chini kulikuwa na sifuri kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Alizisoma zote. Saa kumi na mbili kamili chumba cha kuongozea umeme kilichukua jedwali jipya, kama kilivyolichukua kila siku.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa fundi wa laini. Alikuwa amesimama chini ya nguzo, ameinua kichwa.

"Imelegea kidogo," alisema. "Inafanya kazi sasa."

Wa pili alikuwa mlinzi.

"Mama, uzio umeondoka. Geti pia. Nimekaa kwenye nyasi. Si vibaya, upepo ni mzuri. Ila sijui kofia niirudishe kwa nani."

Mdogo wake hakupiga hadi saa moja na nusu. Zilisikika sauti za wodi: mtoto, ndoo, mtu akicheka kwa mbali.

"Wadudu wamekuja," alisema mwishowe. "Wamejaa kwenye balbu."

"Umeona?"

"Nimeona, Dada. Nimeona kila kitu." Hakuwa na furaha. "Sakafu hii nimeipiga deki miaka saba, asubuhi na jioni. Asubuhi jua haliingii humu, unajua madirisha yalivyo. Haijawahi kutakata. Hata siku moja. Kuna damu kwenye kona ambayo sijui ni ya nani, ni ya mwaka gani. Nimewalaza watu juu yake."

"Si kosa lako."

"Najua si kosa langu. Nataka kujua ni la nani."

Bi Mizani alimwambia. Alimwambia yote: kitabu kilichokosekana, kimo, fundi cherehani, hata maandishi madogo na mkono ulioyafuta. Mkunga alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akasema ana mama wawili wanaomsubiri na dawa ya madoa ya kutafuta, na kwamba habari za yale maandishi wataongea siku nyingine, ana kwa ana.

Mwanga ulidumu saa tatu na dakika ishirini. Watoto wanne walizaliwa, na mama zao wakawaona nyuso hapohapo, jambo ambalo halikuwa limetokea katika wodi ile jioni kwa miaka saba. Watu walitoka nje wakasimama barabarani wakitazama nyumba zao. Mwalimu mmoja aligundua kwamba ukuta wa sebule yake, ambao siku zote aliuamini kuwa mweupe, ulikuwa wa kijani. Saa tatu na dakika ishirini usiku mtu wa zamu katika chumba cha kuongozea umeme, aliyezoea 174 kama anavyozoea ngazi za nyumbani kwake, aliona namba ngeni, akapiga simu kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akatoa amri akiwa bado na kijiko cha chakula cha jioni mkononi.

Ijumaa asubuhi kikao kilikaa. Bi Mizani aliitwa, akaeleza, akaweka kitabu cha laini mezani, kitabu halisi, chenye grisi ya fundi. Kilipita mkono kwa mkono. Wajumbe walikifungua, wakakifunga, mmoja akajifuta vidole. Kisha Mkurugenzi akasimama akasema kwamba anakubaliana na Bi Mizani kimsingi: namba ilikuwa ya zamani, na namba za zamani hazifai kubaki kwenye mpango wa kisasa. Alisema kiwango kimepimwa upya wiki hii hii, na mtaalamu, na matokeo yapo kwa maandishi. Wajumbe walimpongeza kwa umakini. Katika mpango wa miaka kumi, Kiungo Namba Nne kiliandikwa 172.

Mimi ningependa kusema kwamba kuna mjumbe aliyecheka, au aliyepiga meza. Hakuna. Walitia saini mmoja baada ya mwingine, kalamu ileile moja, wakaenda kunywa soda.

Watu wa Chini nao hawakulala tu. Jumatatu walikuja mia mbili hivi hadi kwenye geti la ofisi, wakitaka kurudishiwa kile walichokiona Alhamisi. Walipokewa kwa heshima. Walionyeshwa karatasi yenye mchoro, na katika mchoro ule jioni ya Alhamisi ilikuwa imezungushiwa duara jekundu, na pembeni imeandikwa: hitilafu, saa tatu na dakika ishirini, imerekebishwa. Waliambiwa poleni kwa usumbufu.

Barua ya Bi Mizani ilikuja Jumanne. Ilisema kwamba kutokana na kupanuka kwa Mtambo Jazia wa Kanda ya Chini, ambao sasa utatoa megawati 138 kila jioni, na kutokana na ombi lake mwenyewe la kuongezwa mlinzi, na kwa kuwa hakuna mtumishi anayeufahamu mtambo huo kumzidi, anahamishiwa huko mara moja. Bahasha ilikuwa na kofia. Fundi cherehani alimletea makoti mawili ya mvua, lake na la mwenzake, na akamwambia ameyashona mishono miwili kila mahali, kwa sababu mlimani mvua haina adabu.

Alikuta uzio umesharudi. Mlinzi alimpokea mzigo, akamwonyesha chumba, jiko, msumari wa kutundikia koti. Hakumuuliza kilichomleta. Nyuma ya geti palikuwa na nyasi fupi, safi, na juu ya nyasi hizo hapakuwa na kitu, na kitu hicho kilivuma kidogo kuanzia saa kumi na mbili jioni. Moja kwa moja juu ya vichwa vyao kilipita Kiungo Namba Nne, nyaya zake zimekaza kama siku zilipovutwa.

Kazi ilikuwa nyepesi. Kulikuwa na daftari la zamu, na kila jioni mlinzi alikuwa ameandika kwa miaka saba: mtambo unafanya kazi, hakuna hitilafu. Bi Mizani alipokabidhiwa kalamu aliandika: hapa hakuna mtambo, kuna uzio na watu wawili, laini iliyo juu yetu inabeba 420. Aliandika hivyo kila siku, kwa herufi kubwa, akibonyeza hadi maandishi yakatokea ukurasa wa pili. Daftari lilipelekwa makao makuu mwisho wa mwezi. Lilirudi likiwa limegongwa muhuri kila ukurasa: IMEONEKANA.

"Wanasoma," mlinzi alimfariji. "Mimi hawakuwahi kunigongea."

Bi Mizani alitaka kulirusha daftari lile juu ya uzio. Hakulirusha, maana kesho yake angelihitaji.

Jumanne ya wiki ya sita, saa moja jioni, alikuja mhudumu wa wodi ya wazazi na kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake. Mama mmoja, uchungu umeshapamba moto, mtoto amekaa vibaya. Tunaomba taa. Mlinzi alikipokea, akakiweka sawa mezani, akagonga UMETOLEWA, kwa kuwa kikaratasi kisichogongwa hakikuruhusiwa kubaki getini. Kisha akamtazama mwenzake.

Bi Mizani alichukua tochi iliyokuwa chini ya mto wake, akakaza betri, akateremka mlima pamoja na mhudumu. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Wodini balbu tatu zilikuwa zinawaka, zina joto, zinavuma, na chini yake giza lilikuwa limejaa kama kawaida. Mdogo wake alikuwa ameinama, mikono ndani ya glavu, simu imebanwa kwenye meno. Alipoiona tochi aliitema simu kitandani. Hawakuwa wameonana tangu ile Alhamisi, na yale maandishi madogo hawakuwa wameyaongea.

"Umekuja kikazi?"

"Nimeleta taa."

"Simama hapa. Usiguse kitu, sakafu inateleza."

Alisimama. Mama aliyekuwa kitandani alimshika pindo la koti la mvua, akaling'ang'ania, na hakuuliza ni nani. Bi Mizani aliwasha. Duara dogo la mwanga lilianguka mahali pasipohitajika, kwenye ukuta.

"Shusha," mkunga alisema. "Kushoto. Hapo. Usitikisike, Dada."

Juu ya paa Kiungo Namba Nne kilipita na nafasi tupu ya megawati 248, na huko mbali bwawani walikuwa wanafungua milango kumwaga maji. Hasira ilimjaa Bi Mizani. Aliishika tochi kwa mikono miwili, ili mdogo wake aone.